Nimekuwa askari wa sahani ya mume wangu

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe, kwa kuwa mume wangu naye ni msomaji wako.

Tuko kwenye ndoa mwaka wa 12 sasa. Tuna mtoto wa kiume wa miaka 10 na binti wa miaka 6. Mume wangu ana miaka 43, ni fundi mitambo kiwandani, na kwa miaka mingi amekuwa zamu ya usiku. Nilipoolewa naye alikuwa mtu wa mwili wa wastani. Uzito ulianza kuongezeka kidogo kidogo baada ya kuhamishiwa zamu hiyo. Tulikuwa tunacheka tu na kununua suruali pana zaidi.

Mwaka jana walipimwa kazini. Presha yake ilikuwa juu, na kuhusu sukari daktari alisema bado si kisukari ila inaelekea huko. Akapewa dawa ya presha na kuambiwa apunguze uzito. Maelezo yaliishia hapo, akarudi nyumbani na karatasi mfukoni. Shangazi, baba yangu alifariki kwa kiharusi nikiwa bado sekondari. Kwa hiyo pale daktari alipomaliza na mume wangu, ndipo mimi nilipoanza.

Nikaanza kumpikia chakula chake peke yake, cha kuchemsha, kidogo, bila mafuta. Mimi na watoto tunakula cha kawaida. Biskuti na vitu vitamu vya watoto nikavifungia kabatini, ufunguo nakaa nao mimi. Kila Jumapili asubuhi alikuwa anapanda mizani sebuleni, na mimi naandika namba kwenye karatasi niliyoibandika mlango wa friji. Alianza na kilo 109, akashuka hadi 102. Nikafurahi, nikawatangazia hata ndugu. Halafu ikasimama. Halafu zikarudi zote na nyongeza juu yake. Leo ana kilo 112, na urefu wake ni mita 1.70.

Siku moja natafuta risiti kwenye gari, nikakuta chini ya kiti karatasi za biskuti zimekunjwa mara nne nne hadi zikawa ndogo kama kucha, pamoja na chupa tupu za soda. Nililia. Sikulilia biskuti. Nililia kwa sababu mtu mzima, baba wa watoto, amekaa gizani ndani ya gari anakunja karatasi ili mimi nisizione. Kisha hasira zikanipanda, nikazichukua nikamwekea mezani mbele yake. Hakusema kitu.

Lililonifanya nikuandikie lilitokea baadaye. Mwanangu wa kiume naye ameanza kunenepa. Jioni moja alikuwa anaomba aongezewe chakula, nikamwambia, “Endelea tu, utakuwa kama baba yako.” Kugeuka, baba yake yuko mlangoni anavua viatu. Akavivaa tena, akatoka.

Tangu siku hiyo hali na sisi mezani. Anasema ameshakula huko alikotoka. Mizani hapandi. Tunaongea habari za ada na umeme basi. Siku za mapumziko anapolala nyumbani usiku anakoroma mpaka watoto wanaamka, mara nyingine anakatika kabisa halafu anashtuka kama mtu aliyekabwa, basi nami nabeba mto nahamia kwa watoto. Na juzi nimekuta kipande cha mkate kwenye begi la shule la mwanangu, kimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari, kimeota ukungu.

Mama mkwe anasema namtesa mwanawe kwa njaa. Dada yangu anasema nimwache, akianguka ndipo akili itamrudi. Jirani mmoja ananiuzia majani ya chai ya kupunguza mwili, anasema yeye yalimpunguza haraka na ladha yake mtu hata haitambui. Nimeshayanunua. Nimefikiria kumchanganyia kwenye chai yake bila kumwambia.

Mimi sijawahi kunenepa maishani na ninakula ninachotaka, kwa hiyo pengine kuna kitu sikielewi. Ninachokiona ni mtu aliyeshindwa kujizuia. Nikiendelea kumbana, namkosa kama mume. Nikimwachia, naogopa kumkosa kabisa. Nifanye nini?

Mke mwenye hofu

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hayo majani ya chai, maana mengine yote yanaweza kungoja lakini hili haliwezi. Usimpe. Bidhaa nyingi za namna hiyo ni dawa za kuharisha zilizopewa jina zuri: mizani inashuka kwa sababu maji yametoka mwilini, mafuta yamebaki palepale. Nyingine ni mbaya zaidi. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuwa zikikuta ndani ya bidhaa zinazouzwa kama majani asilia dawa iitwayo sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye maradhi ya moyo na mishipa. Sisemi hayo ya jirani yako yana kitu hicho. Nasema wewe hujui, na jirani yako pia hajui, na mtu unayetaka kumnywesha ana presha na anameza dawa nyingine. Isitoshe, unalalamika kwamba mumeo anakula kwa kujificha. Ukimtilia kitu kwenye kikombe, mtakuwa wawili mnaojificha.

Sasa tukae.

Nikiisoma barua yako naona umefunga maswali mawili kwenye furushi moja. Moja ni la afya: mume ana uzito mkubwa, presha, sukari inayopanda, na wewe umeshaona kwa macho yako kiharusi kinavyomaliza mtu. Hofu yako ina msingi, na sitakuambia uache kuogopa. Kilo 112 kwa mtu wa urefu wake, ukigawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata karibu 39. Shirika la Afya Duniani linahesabu 30 kuwa mwanzo wa unene uliokithiri. Kipimo hicho kina kasoro zake, hakitofautishi misuli na mafuta, lakini ukikiweka pamoja na presha na sukari, picha inaeleweka.

Swali la pili ni la nyumba yenu: nani anausimamia mwili wa mtu mzima, na mwenye mwili akishindwa kukutana na mizani yako, kinabaki nini kati yenu? Umekuwa ukijibu la kwanza kwa namna ambayo imelivuruga la pili. Sidhani ulikusudia. Lakini pia sidhani kwamba lazima uchague moja, kama ulivyolimalizia swali lako.

Niruhusu niguse ile kauli yako, “mtu aliyeshindwa kujizuia.” Umeongeza kwa unyoofu kwamba wewe hujawahi kunenepa na unakula unachotaka. Basi wewe hujizuii pia, mwanangu. Mwili wako tu haukudai. Mwaka 1986 watafiti wakiongozwa na Albert Stunkard walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kuasili. Uzito wa watu hao ulifuata wa wazazi waliowazaa, wala haukufanana na wa wale waliowalea na kuwapikia. Kuna miili iliyozaliwa na tabia ya kuweka akiba.

Hiyo haina maana kwamba mazoea hayana kazi. Yana kazi kubwa. Mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja duniani, mmoja kati ya kila wanane, walikuwa na unene uliokithiri, na kwa watu wazima kiwango hicho kimezidi mara mbili tangu 1990. Damu na urithi wa binadamu haujabadilika kwa muda huo, na siamini kwamba watu wa dunia nzima walilegea nia kwa mpigo mmoja. Kilichobadilika ni namna tunavyofanya kazi, tunavyolala, tunavyosafiri, na kilicho karibu na mkono njaa inapouma. Mumeo amepata mwili wa kuweka akiba akapewa na kazi ya usiku. Umesema mwenyewe kwamba uzito ulianza na zamu hiyo, halafu ukaendelea na habari ya suruali. Mimi ningesimama hapo.

Anayekaa macho usiku na kulala mchana, nyumba ikiwa na kelele na mwanga, mara nyingi hapati usingizi wa kutosha. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wa kiume 12, wote wazima, kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo. Homoni inayotoa taarifa ya kushiba ilishuka kwa asilimia 18, na ile ya njaa ikapanda kwa asilimia 28. Na walichokitamani zaidi ni vyakula vitamu, vya wanga na vya chumvi. Sasa mfikirie mumeo saa tisa usiku kazini, baada ya miaka ya kulala hivyo, na mchana alikula sahani ndogo ya vitu vya kuchemsha. Mwili wake unamwambia nini pale penye mashine ya soda?

Nimetafuta barua nzima sijaona umeandika usiku huo anakula nini, saa ngapi, na amekaa na nani. Nahisi hujui. Umemhesabia uzito wake kila Jumapili, na nusu ya milo yake huijui kwa sababu haijawahi kuwa salama kwake kukuambia.

Na ile sahani ya peke yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa miezi sita, karibu nusu ya kile walichozoea. Hawa walikuwa watu wenye msimamo, waliochujwa vizuri. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kutwa nzima, kulamba sahani, na wengine wakavunja masharti kwa siri. Waliporuhusiwa kula tena walikula bila kuhisi wameshiba. Mumeo hajafikishwa huko, lakini njia ni ileile: mtu ukimnyima sana, chakula kinahamia kichwani. Zile karatasi zilizokunjwa mara nne nne hazinionyeshi mtu asiye na haya. Zinanionyesha mtu ambaye haya zimemjaa, na ukimwongezea nyingine anachoweza kufanya ni kuzikunja ziwe ndogo zaidi.

Kuna kitu kingine kwenye hesabu zako kilichoniumiza kidogo. Alitoka 109 akafika 102, “halafu ikasimama.” Unajua alikuwa amefika wapi? Marekani, mwaka 2002, yalichapishwa matokeo ya mpango mkubwa wa kuzuia kisukari uliowahusu watu zaidi ya 3,000 ambao sukari zao zilikuwa zinaelekea kupanda, kama yake. Walioelekezwa kubadili mlo na kufanya mazoezi waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi ya namna hiyo dakika 150 kwa wiki. Kwao hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa metformini, dawa ya kisukari. Asilimia 7 ya kilo 109 ni kilo saba na nusu hivi. Yeye alipunguza saba. Alikuwa mlangoni kabisa, na kwenye friji yako ikasomeka kwamba amekwama. Mwili ukipungua, matumizi yake ya nishati hupungua na njaa huongezeka, kwa hiyo kusimama ni jambo la kutegemewa. Pale ndipo palipohitaji pongezi na njia ambayo mtu anaweza kuishi nayo, badala ya kamba kukazwa.

Hizo njia ulizoziweka mbele yangu tuziangalie. Ukiendelea kumbana, huenda ukaona namba ikishuka tena kwa kipindi, maana woga unafanya kazi kwa muda mfupi. Gharama yake umeshaanza kuilipa. Ukimwachia kama dada yako anavyosema, amani inaweza kurudi mezani, lakini “akianguka ndipo akili itamrudi” ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kumuuguza aliyeanguka. Wewe umeyaona kwa baba yako. Na mama mkwe, msikilize hata kama amesema kwa ukali: ameona kitu cha kweli kuhusu sahani, ingawa presha haijui kwamba ni mtoto wake.

Njia nyingine ni kuacha kumlinda yeye na kuigeuza nyumba. Chungu kimoja, chakula kimoja, watu wanne. Sio chake kiwe kama chenu, wala chenu kiwe kama kile cha kuchemsha alichokichoka, bali kipatikane cha katikati kinacholika. Mafuta usiyamimine kutoka kwenye chupa. Chukua kijiko cha chakula, upime. Kijiko kimoja kina kilokalori 120 hivi, na mkono ukimimina huku unaongea na simu hupita vijiko vitatu kabla hujageuza shingo. Mboga zichukue nusu ya sahani ya kila mmoja, na wewe mwembamba ukiwemo. Kuwe na kitu cha kushibisha: kunde na jamii zake, nafaka isiyokobolewa, matunda mazima badala ya juisi.

Vinywaji ndipo ningeanzia kama ningechagua kitu kimoja tu. Kopo la soda la mililita 330 lina gramu 35 hivi za sukari, zaidi ya vijiko vinane vya chai, na tumbo halihesabu kwamba limekula. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema nusu ya hapo ni bora zaidi. Kopo moja limemaliza sehemu kubwa. Kuacha soda nyumbani kunawagusa wote, na hakuna anayenyooshewa kidole.

Biskuti usizifungie. Usizinunue kwa wingi, basi. Zikinunuliwa siku fulani, ziwekwe wazi, watu wale, ziishe. Kitu kilichofungiwa kina mvuto wake, na watoto wanalijua hilo kuliko sisi. Vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani vina namna ya kupita bila mtu kutambua: katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwalisha watu 20 wiki mbili vyakula hivyo na wiki mbili vyakula visivyosindikwa, wakiruhusiwa kula wanavyotaka. Kwenye vile vilivyosindikwa walikula kilokalori 500 hivi zaidi kwa siku. Walikuwa watu walewale, na kilichobadilika ni kilichowekwa mezani.

Njia hii nayo ina hatari zake, nisikufiche. Ni ya polepole. Watoto watanung'unika, hasa kuhusu soda. Mizani inaweza isisogee kwa wiki nyingi na wewe ukarudi kwenye ufunguo. Na hatari kubwa ni kwamba unaweza kuifanya iwe ulinzi uleule uliovaa nguo nyingine: chakula ni cha wote lakini jicho lako bado liko kwenye sahani yake. Hilo atalihisi kabla hujafungua mdomo.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipita haraka mno. Umeandika kwamba anakoroma, anakatika kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa. Wewe umeichukua kama kero ya usingizi wako. Mimi naomba uichukue kama habari ya kumpelekea daktari mapema, kabla ya biskuti na mizani. Kuna ugonjwa ambao njia ya hewa hujifunga mtu akilala, pumzi inasimama, mwili unashtuka kuifungua, na inajirudia usiku kucha bila yeye kukumbuka. Uzito mkubwa huuchochea. Nao hupandisha presha na kuifanya iwe ngumu kudhibitiwa kwa dawa, na humwacha mtu na uchovu unaomsukuma kwenye vitu vitamu. Mtu mwenye hali hiyo anaweza kusinzia kwenye usukani, na mumeo anaendesha gari asubuhi baada ya kukesha. Ugonjwa huu unapimika na unatibika, mara nyingi kwa mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani. Mwenyewe hawezi kueleza maana amelala. Shahidi ni wewe. Unaweza hata kumrekodi kwa simu, lakini mwombe ruhusa kwanza.

Hapo pia pana mlango wa kuanzisha mazungumzo usiohusu sahani. “Naogopa unavyokatika pumzi usiku” ni maneno tofauti kabisa na “umekula nini.” Na sijui kama umewahi kumkalisha ukamsimulia siku ile ya baba yako, ulikuwa wapi, ulimkuta katika hali gani. Huenda anafahamu tu kwamba mkwewe alifariki. Kama ndivyo, amekuwa akiona askari bila kumwona mtoto aliyeogopa nyuma yake.

Kuhusu maneno yale ya mlangoni, hayo yanahitaji kuombewa radhi yenyewe, bila “lakini nilikuwa nakujali.” Karatasi ya friji iondoe kabla ya mazungumzo, kimya kimya. Kama atataka kujipima, ajipime chumbani, aandike mwenyewe au asiandike. Muulize pia ni kitu gani kimoja yeye angeona kinawezekana. Pengine atasema chakula cha kubeba kazini, chenye kushiba, ili saa tisa usiku asitegemee mashine. Pengine chumba chenye mapazia mazito na watoto kutulia akilala mchana. Pengine kutembea pamoja kabla ya kuingia zamu. Kutembea peke yake hakupunguzi uzito kwa kasi ambayo watu wanaitarajia, nusu saa yake inakaribiana na kopo moja la soda, lakini kunasaidia presha na sukari hata mizani ikikaa kimya, na kunasaidia kilo zilizopungua zisirudi. Na kama atasema hataki chochote kwa sasa? Inawezekana. Nyumba bado unaweza kuigeuza kwa ajili ya watoto na yako mwenyewe, na mlango wake ukabaki wazi.

Mkienda kwa daktari, bebeni dawa zote anazomeza, maana zipo baadhi, kama steroidi na aina fulani za dawa za msongo wa mawazo, zinazoongeza uzito. Kwa uwiano wa 39 ukichanganya na presha, daktari anaweza pia kuzungumza nanyi kuhusu dawa za kupunguza uzito zinazotolewa kwa usimamizi, au upasuaji. Hizo si njia za mkato za wavivu kama watu wanavyosema. Ni tiba, zina faida na madhara yake, na uzito mara nyingi hurudi dawa ikisimamishwa. Uamuzi ni wake, wewe ukiwa kando yake.

Mwanao wa kiume. Ule mkate na zile karatasi za gari ni kitu kimoja; amejifunza hapohapo nyumbani kwamba chakula kinafichwa. Usimwekee mezani kama ulivyofanya kwa baba yake. Kwa mtoto anayekua, mara nyingi lengo si kupunguza kilo bali uzito utulie wakati urefu unaongezeka, na hilo apimwe kliniki kwa chati ya umri wake, si kwa macho. Nyinyi wazazi mwamue chakula gani, saa ngapi na wapi. Yeye aamue ale kiasi gani katika hicho. Akitaka kuongezewa, aongezewe, mboga zikiwa tayari zipo. Saa moja ya kucheza na kukimbia kila siku inamfaa zaidi ya onyo lolote. Na mweleze kwamba ulimsema baba yake vibaya, maana alisikia yote mawili: kuwa kama baba ni aibu, na mwili wake mwenyewe unaelekea huko.

Binti yako umemtaja mara moja tu. Ana miaka 6, na kwa unavyoandika hana shida ya uzito. Lakini yuko mezani palepale, ameiona mizani ya Jumapili na karatasi ya friji. Mkikubaliana kwamba miili ya watu haijadiliwi wakati wa kula, naye aingie kwenye makubaliano hayo, hata pale bibi au shangazi mwingine anapotaka kumsifia kwa wembamba wake.